Eneo Limefungwa kwa Nani? Tafsiri ya Vitenzi vya Kiingereza vya Kuzuia Njia

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza viwapavyo taabu wafasiri wa habari na matangazo ni vile vifuatwavyo na kijineno "off" kwa maana ya kuzuia watu wasifike mahali fulani. Mifano yake ni "close off", "block off", "fence off", "rope off", "cordon off" na "seal off". Aghalabu vyote hivi hufasiriwa kwa kitenzi kimoja tu, "kufunga", na msomaji huambiwa kwamba "eneo limefungwa". Katika makala haya tutajaribu kueleza kwa nini tafsiri hiyo haitoshi, na ni maswali gani yampasayo mfasiri kujiuliza kabla ya kuchagua neno.

Kwanza tuutazame muundo wenyewe. Katika Kiingereza kazi imegawanywa: kitenzi hutaja njia au kifaa kilichotumika, nacho kijineno "off" hutaja matokeo, yaani kwamba mahali hapo sasa pametengwa na pengine. Ndiyo maana Mwingereza aweza kulitwaa jina la kamba, la ukuta au la utepe, akaligeuza kuwa kitenzi, kisha akaliongezea "off", na maana ikaeleweka mara moja. Kiswahili hakina kijineno cha namna hiyo, wala hakikihitaji. Sisi matokeo tunayaonyesha kwa kitenzi chenyewe na viambishi vyake, na kifaa tunakitaja kwa jina lake. Kutokana na "zunguka" twapata "zungusha", na kutokana na "zungusha" twapata "zungushia". Kwa hiyo "rope off" ni kuzungushia mahali kamba, na "fence off" ni kuzungushia uzio, ua au seng'enge, kwa kadiri ya kitu kilichotumika. Ikiwa kamba imevutwa upande mmoja tu, kama vile mbele ya mlango, hapo hapana mzunguko; yatosha kusema kwamba mlango umewekewa kamba.

Pili, yafaa tukumbuke kwamba kila kitenzi chetu huchagua kitu cha kutendewa. "Kufunga" hutaka kitu ambacho kilikuwa wazi na ambacho chaweza kufunguliwa tena: mlango, shule, mpaka, barabara. "Kuziba" hutaka tundu, ufa au njia, na si lazima pawe na mtu aliyekusudia. Twasema maporomoko ya udongo yameziba barabara. "Kuzuia" hutaka kitu kiendacho, kama watu, magari au maji. Kwa hiyo kusema kwamba "polisi wamezuia eneo" ni kulisingizia eneo mwendo lisilokuwa nao. Walichozuia ni watu kuingia katika eneo hilo. "Kuzingira" hutaka kitu katikati, na mara nyingi huwa na harufu ya vita au msako. Msomaji aambiwapo kwamba askari wameizingira nyumba, hudhani mara moja kuwa ndani yake mna mhalifu, kumbe huenda askari hao wanawalinda wapita njia dhidi ya ukuta ulio karibu kuanguka.

Asili ya maneno ya Kiingereza yenyewe yaweza kumpoteza mfasiri. "Cordon" limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kamba au ukanda, lakini likaja kutumiwa pia kwa safu ya walinzi. Mwaka 1821 Ufaransa ilipanga askari katika mpaka wake na Hispania ili homa ya manjano iliyozuka Barcelona isivuke. Kilichokuwa pale ni safu ya watu, si kamba. Basi akutanapo na "cordon off", mfasiri hana budi kujua kama kilichowekwa ni utepe au ni askari, kwa maana Kiingereza hakimwambii. Vivyo hivyo "seal" ni neno la muhuri na lakiri, lakini hakuna autiaye mtaa lakiri. Maana ikusudiwayo ni kwamba njia zote zimezibwa kabisa.

Sasa tufikie jambo lililo kubwa kuliko yote. Kijineno "off" chasema kwamba mahali pametengwa, lakini hakisemi ni nani azuiwaye: aliye nje asiingie, au aliye ndani asitoke? Watu wa pwani wanaijua vyema tofauti hiyo. Mvuvi ajengapo uzio wa fito baharini, hakusudii kumzuia samaki kuingia maji yajaapo. Akusudia kumzuia kutoka maji yapwapo. Uzio wa shamba kwa upande wake humzuia mnyama kuingia. Vyote viwili ni uzio, lakini kazi zake zinapingana.

Katika matangazo ya hatari tofauti hii si ya wanalugha tu. Milipuko ya maghala ya silaha ya Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, na ya Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011, ilitawanya mabomu katika makazi ya watu. Katika hali kama hiyo tangazo lazima liseme wazi kwamba watu wasiingie mahali penye mabaki, na kwamba walio ndani watoke. Akisoma tu kwamba "mtaa umefungwa", mkazi wa humo aweza kudhani kuwa ameamriwa abaki nyumbani, jirani na bomu ambalo halijalipuka. Mfano wa kinyume chake ni karantini ya mifugo: ugonjwa wa miguu na midomo uzukapo, shabaha kubwa ni mnyama aliye ndani asitoke. Tena liko zuio la pande zote mbili. Mwezi Aprili 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, Serikali ya Kenya ilisitisha safari za kuingia na kutoka katika eneo la Nairobi na viunga vyake, na pia katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Maneno "kuingia na kutoka" hayaachi shaka yoyote, na hayakuhitaji istilahi mpya.

Kutokana na hayo twapendekeza utaratibu ufuatao:

(a) Kifaa kikijulikana, kitajwe: eneo limezungushiwa utepe, kamba, uzio au seng'enge.

(b) Ikiwa ni watu waliosimama kulinda, isemwe hivyo: askari wamepangwa kulizunguka eneo. "Kuzingira" kuachiwe msako na vita.

(c) "Block off" kuwe kuziba njia, na "close off" kuwe kufunga, hasa pale ambapo njia au jengo litafunguliwa tena.

(d) "Seal off" kuwe kuziba njia zote, na kuongezwe: hakuna aingiaye wala atokaye.

(e) Katika kila tangazo la hatari, azuiwaye atajwe. Hapa kauli ya kutendea yatufaa sana, kwani "wamefungiwa nje" na "wamefungiwa ndani" ni mambo mawili ambayo hakuna Mswahili awezaye kuyachanganya.

Wako watakaosema kwamba tafsiri hizi ni ndefu kuliko maneno ya Kiingereza. Ni kweli. Lakini ufupi wa Kiingereza hapa umepatikana kwa kuliacha jambo moja bila kutajwa, na msomaji wa Kiingereza hulijaza mwenyewe kwa mazoea. Msomaji wetu hana mazoea hayo, tena tangazo la hatari husomwa kwa haraka na kwa hofu. Maneno mawili zaidi si gharama kubwa.

Wasomaji walio na maneno mengine yatumikayo sehemu zao kwa maana hizi, hasa miongoni mwa wavuvi, wafugaji na mafundi wa barabara, wanaombwa watuletee ili yafikiriwe pamoja na haya.