Mashua Yenye Mashine

Watu wengi wa pwani waliozoea tanga na kasia wanatamani siku hizi mashine ya kupachika tezini, na wengine wamekwisha kuinunua kwa fedha za minazi au za kiinua mgongo. Twaona vema kuwaeleza wasomaji wetu habari za mashua yetu, tangu tulipoipata hata ilipotulia, ili aliye na fedha mkononi ajue ananunua nini. Maana muuzaji husifu mbio zake, wala hasemi neno juu ya siku ambazo haitakwenda.

Tuliinunua Pangani mwezi wa Machi 2021, kwa mtu aliyekuwa akihamia bara. Fedha zilikuwa za nazi za miaka miwili, na Bibi, ambaye ndiye mwenye shamba, alizitoa kwa shingo upande. Alisema, "Mnazi hauhitaji petroli." Neno hilo tulilisikia mara nyingi baadaye.

Mashua yenyewe ilikuwa imelala mchangani muda mrefu, mbao zimekauka na kuachana. Fundi akaikalafati upya kwa pamba na mafuta, tukaiacha majini siku tatu mbao zivimbe. Kazi hiyo haikututia hofu, kwa kuwa babu zetu waliifanya vivyo hivyo. Hofu ilikuwa mashine: nguvu za farasi 15, imekwisha kutumika, na kifuniko chake kimepauka kwa jua.

Safari ya kwanza tulikwenda mtoni, juu ya kivuko cha Bweni, mahali ambapo maji ni tulivu na minazi imesimama pande zote mbili. Mashine ikawaka kwa mvuto wa pili, ikaenda vizuri kama dakika kumi, kisha ikakohoa ikazimika. Tukaipumzisha, ikawaka, dakika kumi tena, ikazimika. Babu yetu, aliyekuwa nahodha wa jahazi zamani, alitoa kasia bila kusema lolote, akaturudisha.

Fundi alipokuja hakuigusa mashine hata kidogo. Alikishika kile kifuko cha mpira kinachominywa kupeleka petroli, akakiona kimebonyea kama tumbo la mwenye njaa, ndipo akafungua kifuniko cha tangi. Tukasikia pumzi ikiingia kwa kishindo. Kumbe tundu dogo la kuingizia hewa lilikuwa limezibwa na chumvi iliyoganda tangu kwa mwenyewe wa kwanza. Petroli ikitoka, yapasa hewa iingie mahali pake. Hewa ikikosa njia, petroli hukataa kutoka. Ninyi walimu mwaweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa kopo la maziwa: litoboeni tundu moja tu, mgeuze, kisha toboeni la pili, mwone tofauti. Tulilizibua kwa sindano ya kushonea, na ugonjwa huo haukurudi.

Mashine za namna hii si za jana. Huko Marekani, Cameron Waterman alikuwa akiziuza kabla ya Ole Evinrude, lakini jina la Evinrude ndilo lililoenea. Huyu alizaliwa Norway mwaka 1877, akachukuliwa Marekani angali mtoto. Husimuliwa ya kuwa siku moja ya joto alipiga kasia ng'ambo ya ziwa kumletea mchumba wake aiskrimu, nayo ikayeyuka yote njiani, ndipo akakaza nia. Mwaka 1909 akaanza kuuza mashine yake ya nguvu ya farasi moja na nusu, yenye uzito wa ratili 62. Twaamini kisa cha aiskrimu, maana hasira ya mtu aliyepiga kasia bure twaijua.

Masika ya mwaka huo mto ulijaa, maji yakawa mekundu kwa udongo. Hapo tulijifunza jambo ambalo twalihesabu kuwa la kwanza katika utunzaji wote. Mashine hupozwa kwa maji yale yale inamoelea: pampu ndogo yenye gurudumu la mpira huyavuta kutoka chini, huyazungusha mwilini mwake, kisha huyatoa nje kwa mchirizi mwembamba unaoonekana nyuma. Mchirizi ule ndio mapigo ya moyo wake. Asubuhi moja mwezi wa Mei, mtoto wetu wa kiume, ambaye kazi yake ilikuwa kuutazama na si kingine, alipaza sauti, "Baba, umekuwa matone!" Tukazima mara ile. Fundi alipoifungua pampu aliona mapezi matatu ya mpira yamekatika, mengine yamekauka kwa kukaa miezi bila maji, na udongo umeyala. Laiti tungaliendelea kwa nusu saa, mashine ingaliungua, na nazi za miaka miwili zingalikwenda nayo. Gurudumu jipya halikuwa na bei kubwa. Tangu hapo kila jioni tunaiwasha katika pipa la maji matamu, kuitoa chumvi na matope.

Lakini la Juni lilikuwa jingine. Tulikuwa tumekwenda Ushongo kumjulia hali shangazi, sisi wawili na Babu na watoto wawili. Petroli tuliyotoka nayo ilikuwa madumu mawili, moja kubwa la duka moja na dogo la duka jingine. Oili tumechanganya kama ilivyoagizwa, sehemu moja kwa 50, yaani lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili. Tulipanga kurudi na maji yakiwa yanajaa, yatuingize mtoni. Njiani mashine ikasitasita mara tatu, hata tulipofika kinywani mwa mto maji yalikuwa yamekwisha kugeuka, yanapwa. Nao ni wakati wa kusi. Aujuaye mlango wa Pangani anafahamu maana yake: mto unatoka kwa nguvu, mawimbi ya bahari yanakuja kuupinga, vikakutana juu ya fungu. Hapo ndipo mashine ilipozimika kabisa.

Mkondo ukaanza kuturudisha nje, kwenye mawimbi yanayoumuka. Babu alitosa nanga kabla hatujamwambia. Kina kilikuwa kama pima tatu, naye akaachia kamba pima 20, kwa kuwa kamba fupi huing'oa nanga kila mashua inapoinuka. Ikashika. Omo ikaelekea mto, na mawimbi yakatujia nyuma, yakaingia kwa tezi, pale pale penye mashine. Mmoja wetu akapiga magoti hapo na bisibisi; mwingine na watoto wakafua maji, kwa upo na kwa sufuria ya shangazi.

"Babu, twazama?" mtoto wa kike akauliza.

"La, mjukuu wangu. Twafua maji."

Kikombe cha chini cha kabureta kilipofunguliwa, kilichotoka kilikuwa petroli yenye shanga za maji zikizunguka ndani yake. Dumu kubwa lilikuwa na maji tangu dukani. Tukamwaga, tukaunga mpira kwenye dumu dogo, tukapangusa plagi kwa kitambaa cha kichwani, maana ndicho pekee kilichokuwa kikavu. Kamba ya kuwashia ilivutwa mara sita. Hatutasahau mlio ule wa sita.

Bibi alitungoja ufukoni. Hakutugombeza, aliwafuta watoto, kisha akasema mashua iuzwe. Kwa majuma mawili nyumba ilikuwa na pande mbili, na mnunuzi alikuja hata akaihesabu mbao. Siku hiyo Babu alimwita Bibi chini ya mwembe, akatia petroli iliyobaki ya dumu kubwa katika chupa nyeupe, wakaiacha itulie. Maji yakashuka chini, petroli ikakaa juu, mpaka wao ukionekana wazi kama mstari wa daftari. Bibi aliitazama muda mrefu. Akauliza, "Ndiyo hii tu?" Mnunuzi akaambiwa aende kwa amani.

Sasa petroli yote hupita mikononi mwa Bibi. Hukaa barazani na chupa yake, na mwenye duka akimwona huchagua dumu kwa uangalifu; mawili amekwisha kuyarudisha. Ndiye pia aliyeamuru maboya ya kuvaa kwa kila kichwa, na tanga na kasia zisitoke mashuani hata kwa safari ya ng'ambo. Mwezi wa Oktoba 2021 tulipeleka nazi zetu Ushongo alfajiri, kwa umande, tukarudi mchana bila kusimama. Yeye mwenyewe hajapanda bado. Asema atapanda siku tutakayokwenda kwa tanga.