Namna Vitunga Vinalisha Mbuzi za Watu

Wengi wanatuuliza wakati wa mapumziko: "Zile mbuzi nyuma ya darasa la mwaka wa tano ni za nani? Juu ya nini hamuuzi hata moja?" Wengine wanacheka tu na kusema nyama iko karibu na sufuria. Prefe ametupa ukurasa mmoja tueleze, basi tunaeleza.

Mnakumbuka mwaka wa 2023, wakati vita vya Wambole na Walengola vilianza ng'ambo, upande wa Lubunga, juu ya udongo. Nyumba zilichomwa, watu wengi wakavuka mto na mitumbwi. Mtu akikimbia na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, mbuzi inabaki. Zingine zilizunguka bila mwenyewe na kipande cha kamba shingoni. Moja tuliipata kando ya barabara: ilifungwa miguu nne nyuma ya toleka, kamba ikakata ngozi mpaka mfupa, mchuuzi akaiacha. Kidogo kidogo zikafika saba.

Siku ya kwanza tulipatana neno moja: hizi si zetu. Tunazichunga mpaka wenyewe warudi. Katika kaye tuliandika kwa kila moja rangi yake, pembe, alama ya sikio na pahali ilipookotwa. Kwa hiyo hatuwezi kula, hatuwezi kuuza. Sasa hapo ndipo shida iko. Majani ni ya bure, lakini chumvi, dawa ya minyoo, chanjo na misumari ya zizi ni franka. Mbuzi isiyouzwa haileti kitu.

Mwenzetu mmoja, baba yake anatengeneza viti vya kekele, akasema tusuke vitunga. Kekele inapanda juu ya miti ya pori, na ngozi yake ya nje iko na miiba mingi. Unakata ile iliyokomaa tu; ile changa unaiacha, maana shina moja linatoa fimbo nyingi na litakupa tena. Ukifika nyumbani usiilaze na maji yake, wadudu na ukungu wataingia. Unaikwangua, unaikausha, unaipasua kwa kisu kuwa nne, kisha unailoweka tena mbele ya kusuka ili isivunjike. Vidole vinauma juma la kwanza, msituulize. Vitunga vyetu vya mwanzo vilikaa upande kama mlevi, mama mmoja sokoni akanunua kimoja kwa huruma. Wavuvi Wagenia wanasuka mitego yao mikubwa ya samaki na kuitia katika maji makali ya maporomoko, haivunjiki. Sisi hata nyanya zilianguka. Sasa tumejua.

Hesabu yetu hatufanyi kwa franka, kwa sababu bei inageuka kila siku. Tunahesabu kwa vitunga. Chumvi ya mbuzi zote kwa mwezi ni kitunga kimoja kidogo. Dawa ya minyoo ni viwili vikubwa. Kitunga cha tatu ni cha kununua kekele ingine, na hicho hatugusi hata mbuzi ikiugua, sababu tukikila, kazi yote inakufa.

Tulipoteza moja, na ni kosa letu. Tuliipa maganda mabichi ya muhogo mchungu. Muhogo mbichi uko na sumu inayoitwa sianidi, na katika tumbo la kwanza la mbuzi, pale chakula kinapochacha, sumu hiyo inatoka upesi. Saa chache tu ikaanguka. Leo maganda yote tunayakatakata na kuyaanika juani siku tatu kabla ya kuyatoa. Ninyi mlio na mbuzi nyumbani, fanyeni vile.

Jambo lingine: mbuzi ngeni haichanganywi na zingine. Inakaa peke yake juma tatu. Kuna peste ya mbuzi na kondoo, inaleta homa, machozi, makamasi, vidonda mdomoni na kuhara, inamaliza zizi zima. Dawa ya kuiponya hakuna, lakini chanjo iko. Peste ya ng'ombe, ndugu yake, ilitangazwa mwaka wa 2011 kwamba imekwisha duniani. Hii ya mbuzi wanataka kuimaliza mpaka 2030.

Kuna watu wengine wanaofanya kazi kama hii, tena kwa ukubwa. Kisiwani Lamu, Kenya, tangu mwaka wa 1987 kuna nyumba ya kutunza punda wagonjwa na wazee, bila malipo. Ilianzishwa na mama Mwingereza, Elisabeth Svendsen. Lakini ile inaishi kwa sadaka zinazotoka mbali. Sisi sadaka ya mbali hatuna, tuko na kekele.

Krismasi ilileta ugomvi kati yetu. Wengine walisema: wenyewe hawatarudi, watu katika kambi wanalala njaa, na sisi tunanunulia mbuzi chumvi! Neno hili si la kuchekwa. Tulibishana mpaka usiku. Mwisho tukapiga kura, kaye ikashinda kwa sauti mbili tu.

Mwezi wa pili mama mmoja akaja kutoka kambini, alisikia habari kanisani. Hatukumwonyesha mbuzi kwanza, tulifungua kaye tukamwuliza. Akasema: jike, nyeusi, tumbo jeupe, sikio la kushoto limepasuka. Ilikuwa ile ya toleka. Akaishika pembe, akakaa chini, akanyamaza muda mrefu. Kisha akatuomba iendelee kukaa kwetu mpaka apate pahali pa kujenga, na kesho yake alirudi kutufundisha namna ya kufunga ukingo wa kitunga ili usifunguke.

Zinabaki tano ambazo wenyewe hawajulikani. Kaye iko kwa mwalimu wa biolojia. Kama jamaa yenu alitoka Lubunga, mwambieni aje aulize.