Kukimbia na Kukimbilia: Mbio, Mwili na Utambulisho Mjini Gisenyi

Kinyarwanda hutenga mambo ambayo Kiswahili huyaweka pamoja. Aendaye mbio hutajwa kwa kitenzi kwiruka. Anayetoroka hatari hutajwa kwa guhunga, ambacho kwacho hupatikana jina impunzi. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kukimbia, kilichomzaa mkimbiaji wa uwanjani na mkimbizi wa kambini. Mjini Gisenyi, makao makuu ya wilaya ya Rubavu, lugha hizo mbili hukutana kila siku kwenye mpaka wa Goma, na tofauti hiyo ina uzito wa maisha ya watu.

Mpaka huo umevukwa mbiombio zaidi ya mara moja. Julai 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipokuwa yakifikia mwisho, mamia ya maelfu ya watu waliuvuka kuelekea Goma kwa siku chache tu. Neno wakimbizi likawakusanya wote: raia waliojawa na hofu, watoto waliofuata wazazi wao, na wauaji waliokimbia hukumu. Januari 17, 2002, lava ya mlima Nyiragongo ilipoingia Goma, mkondo wa watu uligeuka, Gisenyi ikawa ndiyo kimbilio. Usiku wa Mei 22, 2021, volkano ililipuka tena na njia ikawa ile ile.

Hata hivyo, kabla ya mbio hizo za dharura, mwili wa Mnyarwanda ulikuwa umekwisha kusomwa na wageni kwa namna yao. Mwaka 1907 msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulishuhudia katika utawala wa Yuhi V Musinga mchezo wa gusimbuka urukiramende. Kijana alianza kwa mbio fupi, akakanyaga kiinuko kidogo mfano wa kichuguu, kisha akaruka juu ya ufito. Ilidaiwa kuwa mita 2.50 zilirukwa, wakati ambapo rekodi ya dunia ilikuwa haijafika mita 2. Picha ikaenea Ulaya. Kile kiinuko, kwa kawaida, kikasahauliwa. John Bale, katika kitabu chake *Imagined Olympians* (2002), ameeleza jinsi picha za namna hiyo zilivyomgeuza mrukaji kuwa mwanariadha wa kufikirika wa Wazungu. Nyumbani kuruka huko kulihusiana na malezi ya vijana. Kwa wageni kuliingizwa katika nadharia ya Wahamiti, iliyomhesabu Mtutsi kuwa mgeni katika nchi yake, na mgawanyo huo Wabelgiji wakauandika katika vitambulisho vya miaka ya 1930. Ushujaa wa kijana mweusi ulisifiwa kwa masharti kwamba asihesabiwe mweusi kamili.

Dini zinatoa usomaji mwingine. Katika Kiswahili cha Kikristo Mungu huitwa kimbilio, na mnyambuliko wa kukimbilia unabadilisha kila kitu: mtazamo unahama kutoka kinachoachwa hadi kinachofuatwa. Waislamu wanaohiji huenda mara saba kati ya Safa na Marwa wakimkumbuka Hajar, ambaye mapokeo humtaja kuwa mwanamke wa Misri, yaani Mwafrika, aliyehangaika kumtafutia mwanawe maji. (Ajabu ni kwamba katika sehemu ya kwenda mbio, wanaohimizwa kukimbia leo ni wanaume.) Mbio zake zilikuwa za mtu aliyeachwa jangwani, na bado zikawa ibada.

Katika Maziwa Makuu, mbio za asubuhi huenda kwa makundi, kwa nyimbo na makofi, na watawala huzielewa vyema. Machi 2014 mamlaka za Burundi zilizuia mbio za makundi mjini Bujumbura nje ya viwanja vilivyotengwa, kwa hofu ya siasa. Kundi linalokimbia kwa hatua moja limejitambulisha hata kabla ya kusema neno.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Mwalimu wa Rubavu anayefundisha kukimbia kwa picha ya wanariadha peke yake hufundisha nusu ya kitenzi. Ingefaa akifundishe pamoja na kukimbilia na kimbilio, kwa kuwa mbele yake wamo wanafunzi ambao wazazi wao waliuvuka mpaka ule, na wengine ambao nyumba zao zilipokea waliouvuka.