Moshi wa Jikoni na Mtoto Mgongoni

Katika nyumba nyingi za vijiji vyetu sebule ina madirisha mawili, na jiko halina hata moja. Mgeni huketi penye hewa. Mama wa nyumba huinama juu ya mafiga, machozi yakimtoka, na mtoto mchanga amelala mgongoni mwake. Nasi tumezoea kusema kwamba moshi ni adha ya macho tu, ukipita umepita. Sivyo.

Moshi wa kuni una chembe ndogo mno, hata jicho haliwezi kuziona moja moja, wala pua haiwezi kuzizuia. Hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia damuni. Kwa mtu mzima huleta kikohozi kisichopona, maradhi ya moyo, kiharusi, na mtoto wa jicho. Kwa mtoto mchanga humfungulia mlango kichomi, ambacho madaktari hukiita nimonia, maana mapafu yake hayajakomaa na pumzi zake ni za haraka. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika mwaka 2020 watu 3,200,000 walikufa kwa maradhi yatokanayo na moshi wa nyumbani, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka 5.

Wazee hutujibu kwamba moshi una faida: hukausha mahindi ya mbegu darini, na kufukuza wadudu katika nyasi za paa. Ni kweli, wala hatuwacheki. Lakini mahindi hayana mapafu.

Je, yuko aliyejaribu dawa ya jambo hili? Katika milima ya San Marcos, nchi ya Guatemala, ambako watu hupikia ndani kwa ajili ya baridi kama watu wa Njombe na Lushoto, bwana Kirk Smith wa Marekani na wenzake walifanya jaribio tangu 2002 hata 2004. Nyumba zaidi ya 500 zenye mama mjamzito au mtoto mchanga zilipigiwa kura. Nusu zikajengewa jiko lenye dohani. Nusu zikaendelea na moto wa wazi, nazo zikapewa majiko yao mwishoni. Moshi uliowafikia watoto wa nyumba zenye dohani ulipungua kwa nusu, na kichomi kikali kikapungua yapata theluthi. Tazameni vema: moshi haukwisha, kwa hiyo hata kichomi hakikwisha.

Basi dohani ni njema, na gesi ni bora zaidi kwa awezaye kuinunua. Asiyeweza, na akaushe kuni zake vizuri, aloweke maharagwe tangu jana yake, afunike chungu. Mtoto apewe nyanya yake nje ya mlango. Ukuta nao utobolewe pande mbili, karibu na paa. Na kazi hiyo si ya mama, ni ya baba aliyejenga.

Neno moja juu ya makaa. Wengine huingiza jiko la makaa chumbani wakati wa baridi, kwa kuwa halina moshi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi. Hiyo hushika damu mahali pa hewa njema, na waliolala milango imefungwa huenda wasiamke. Aumwaye kichwa au kushikwa na kizunguzungu karibu na makaa atolewe nje mara moja. Na jiko litolewe kabla taa haijazimwa.