Kijipini kinachotishia injini ya silinda sita

Uimara wa mtambo hautokani na ukubwa wake pekee. Ushahidi ni injini ya dizeli iitwayo Cummins 6BT, ambayo imewasaidia wakulima, wajenzi na madereva wengi wa Marekani kujipatia riziki.

Injini hiyo ni ya ukoo wa B, uliobuniwa na kampuni ya Cummins ya Columbus, jimbo la Indiana. Kampuni hiyo ilishirikiana na J. I. Case, watengenezaji wa matrekta, na uzalishaji ulianza mwaka 1983 katika jimbo la North Carolina. Ndugu wawili wa ukoo huo, wa silinda nne na wa silinda sita, walipewa pistoni za kipimo kimoja. Kipenyo cha silinda ni milimita 102 na mwendo wa pistoni ni milimita 120. Mdogo ana ujazo wa lita 3.9, mkubwa lita 5.9.

Silinda sita zikipangwa katika mstari mmoja, pistoni hupanda na kushuka kwa mizani, hivyo mtikisiko hupungua. Tena injini hii haina mkanda wala mnyororo wa kuzungusha kamshafti. Kazi hiyo hufanywa na gia za chuma. Haishangazi kwamba ilipotiwa katika pikapu za Dodge Ram za mwaka 1989, ikiwa na nguvu za farasi 160, ilisifiwa upesi kwa uwezo wake wa kuvuta mizigo.

Hata hivyo, mdharau mwiba mguu huota tende. Nyuma ya gia hizo kuna pini fupi ya chuma inayolinganisha kasha la gia na bloku wakati injini inapoundwa. Katika injini za valvu 12, ambazo pikapu hizo zilitumia hadi mwaka 1998, pini hiyo imeshikwa kwa kubanwa tu ndani ya tundu lake. Mtikisiko wa miaka mingi huweza kuilegeza hata ikachomoka.

Ikianguka chini kwenye oili bila kugusa kitu, ni bahati. Ikinaswa katikati ya gia, huweza kuvunja meno, kupasua kasha, au hata kuvuruga mwendo wa kamshafti hadi valvu zigongane na pistoni. Mafundi wa huko waliibandika jina la pini muuaji.

Dawa yake ni nyepesi ajabu. Fundi hufungua kifuniko cha mbele, kisha hufunga kipande kidogo cha chuma chini ya bolti iliyo jirani ili kuziba mdomo wa tundu. Basi!

Lakini nani atasimamisha gari linaloenda vizuri? Hapo ndipo penye mtihani. Mwenye gari anayeona uchungu kupoteza mapato ya siku moja huenda akapoteza injini nzima, na pamoja nayo karo ya watoto na chakula cha nyumbani. Gari la kazi ni shamba la familia. Halingojwi liungue ndipo lipaliliwe.