Makanisa ya Kale ya London: Siku Moja kwa Miguu



Mwakumbuka jinsi masika yalivyouangusha ukuta wa kanisa letu, na baadhi yenu mkaniuliza, "Mwalimu, je, kazi ya baba zetu imekwisha?" Siku ile sikuwa na jibu. Nalilipata mbali, katika mji wa London, nilipotembea kutwa kwa miguu kuyatazama makanisa ya kale.

Nalianza asubuhi saa mbili kwenye kanisa la All Hallows, karibu na ngome iitwayo Tower. Yasimuliwa ya kuwa lilianzishwa mwaka 675. Mwaka 1940, wakati wa vita, mabomu yaliliharibu, hata likabaki gofu. Likajengwa tena, likawekwa wakfu mwaka 1957. Nikaonyeshwa tao la mawe la zamani za Wasaksoni. Tao hilo lilikuwa limefichwa ukutani, wala watu hawakulijua; ukuta ulipoanguka kwa bomu, ndipo likaonekana. Nalisimama mbele yake kitambo kirefu.

Lakini si kila kanisa lililoanguka liliinuliwa. Mwendo mfupi kutoka hapo lipo kanisa la St Dunstan, lililobomolewa mwaka 1941. Mnara wake ungali umesimama, bali ndani hamna paa wala viti. Ni bustani tu, na majani yanatambaa madirishani. Ni mahali pazuri, nami nalipumzika hapo. Lakini moyo wangu ulifanya hofu kwa ajili ya kanisa letu.

Kisha nikapita njia ya Pudding Lane. Hapo, katika nyumba ya mwoka mikate, ulianza moto mkubwa wa mwezi wa Septemba mwaka 1666. Uliwaka siku nne, ukateketeza nyumba zaidi ya 13,000 na makanisa 87, pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Kazi ya kuyajenga upya akapewa Christopher Wren, na makanisa 51 yakainuka. Mengine hayakujengwa tena, watu wake wakaunganishwa na jirani zao.

Hata saa sita nikafika kwa Mtakatifu Paulo. Kuba lake lapita nyumba nyingi kwa fahari. Ujenzi ulianza mwaka 1675, ukatangazwa kuwa umekwisha mwaka 1711. Tena fedha zake nyingi zilitoka katika ushuru wa makaa ya mawe. Basi kila aliyewasha moto nyumbani mwake alichangia jiwe. Wasimulia ya kuwa Wren alimtuma mtu alete jiwe lo lote la kuwekea alama, naye akaokota kipande cha kaburi lililovunjika, nacho kimeandikwa neno moja la Kilatini, maana yake, "Nitafufuka." Neno hilo limechongwa juu ya mlango wa kusini, nami naliliona.

Jioni, miguu ikiniuma, nikaingia Westminster. Juu ya mlango wa magharibi zimesimama sanamu za mashahidi kumi, zilizofunuliwa mwaka 1998, na mmoja wao ni Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda, aliyeuawa mwaka 1977. Ndani, chini ya jiwe jeusi, amelala David Livingstone, aliyezikwa humo mwaka 1874. Susi na Chuma na wenzao waliuzika moyo wake katika nchi ambayo sasa ni Zambia, wakauchukua mwili wake kwa miguu miezi mingi hata Bagamoyo. Hawakuwa na kanisa la mawe njiani. Walikuwa na uaminifu tu.

Hapo nikalipata jibu langu. Ukuta wetu ulipoanguka, nini kilichoonekana? Mliendelea kusali chini ya mwembe, wazee na watoto, wala hapana Jumapili iliyopita bure. Hilo ndilo tao letu. Lakini tao peke yake halizuii mvua, na bustani ya St Dunstan yanionya: pasipo mikono, gofu hubaki gofu.

Basi, wapendwa, kila nyumba na ifyatue matofali ishirini kabla ya vuli. Mjane asiyeweza na alete maji ya udongo. Nami nitakuwapo tanuruni tangu Jumamosi, alfajiri.

Mwalimu wenu