Kamba Hukatikia Pabovu, na Dansi Vilevile

Ndugu msikilizaji, ukitaka kujua kama dansi imetungwa vizuri, usiwatazame mabingwa. Mtazame mgeni.

Juma hili nazungumzia dansi ya kontra, inayochezwa sana New England, kaskazini-mashariki ya Marekani. Asili yake ni dansi za vijijini za Uingereza, ambazo John Playford alizichapisha kitabuni mjini London mwaka 1651.

Wachezaji hujipanga safu mbili ndefu, kila mmoja akimkabili mwenzi wake. Jozi mbili hufanya kundi la watu wanne. Fidla ikilia, kundi hilo hucheza miendo kadhaa kwa mapigo 64. Kisha kila jozi husogea, hukutana na jozi nyingine, na miendo ile ile huanza upya. Jukwaani yuko mwitaji, anayetaja kila mwendo kabla wakati wake haujafika. Kwa hiyo katika usiku mmoja utashikana mikono na watu wengi usiowajua, wazee kwa vijana.

Miendo yenyewe haina siri. Kuzungushana wawili wawili, kwenda duara, kubadilishana upande: mchezaji wa kawaida anaijua yote. Kazi kubwa ya mtunzi ni kuamua upi ufuate upi. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, na dansi hukatikia kwenye kiungo kati ya mwendo na mwendo.

Chukua mfano wa mzunguko. Wawili wanapozungushana, huzunguka kufuata mshale wa saa. Baada ya hapo, wanne wakishikana mikono na duara likaenda kushoto, mwili unaendelea na mzunguko ule ule bila kuulizwa. Lakini duara likienda kulia, kila mmoja hana budi afunge breki na kurudi kinyume.

Mfano wa pili ni mkono. Kuna mwendo ambao wachezaji wawili, kwa desturi wanawake, hupishana katikati wakipeana mkono wa kulia. Kama sekunde moja kabla yake kila mmoja alikuwa akizunguka na jirani kwa mkono huo huo, basi mkono bado umeshikwa. Itambidi aunyofoe, na bega ndilo litakalolipa. Mtunzi mwangalifu angewazungusha kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ungekuwa huru ukingoja.

Wa tatu ni wakati. Mwendo unaohitaji mapigo 10 ukibanwa ndani ya mapigo 8, kundi huchelewa. Jozi iliyochelewa huikuta jozi nyingine ikingoja, na kosa husafiri safu nzima.

Wapo wanaosema kwamba ulaini ukizidi huchosha, na kwamba mchezaji hupenda kushtushwa. Nakubaliana nao, ila mshtuko nao una maandalizi yake. Mtunzi anaweza kuweka kwanza mwendo wa mapigo 4, ambapo wachezaji husogeleana na kurudi nyuma huku wameshikana mikono. Hapo nguvu ya mzunguko wa zamani hufa, mpya huzaliwa, na mwili unaweza kugeukia upande wowote kwa raha.

Nayasema haya kwa sababu ya yule mgeni. Anapokwama katikati ya safu, watu humwonea huruma, au humcheka, wakisema hana sikio la muziki. Naye huamini, na huenda asirudi tena. Mimi nasema kabla ya kumhukumu, tuchunguze alikuwa akitoka wapi na aliambiwa aende wapi. Kiungo kikiwa kizuri, mkono ulio huru ndio unaotakiwa, na njia iliyo wazi mbele yake ndiyo ya kufuata. Hahitaji kuwa hodari. Mtunzi hatamwona mgeni huyo, wala hatajua jina lake, lakini bega lake ameliweka dhamana.

Hadi juma lijalo, kwaherini.